Njano na Nyeupe

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata! Nimepata, nimepata, nimepata! Kuanzia leo mimi si mbeba maboksi tena kule stoo ya dawa. Nina chumba changu. Kidogo kama kabati, sawa, lakini kina kufuli na ufunguo uko mfukoni mwangu. Meza, friji ndogo, kompyuta. Na kidirisha kinachofungukia wodi ya wazazi — chembamba, kinapitisha mikono tu.

Kazi yenyewe ni utafiti. Wanalinganisha sindano mbili wanazochomwa kina mama walio kwenye uchungu, pale mlango wa kizazi unapofunguka kwa kusuasua. Zote zinalegeza misuli iliyobana. Moja haiosini, ya pili drotaverini. Karatasi za ndani ya maboksi nimezisoma mpaka nimezikariri, na hakuna aliyenituma. Swali ni moja: ipi inamfikisha mama kwa mtoto wake mapema bila kumsumbua sana? Hakuna anayejua. Ndiyo maana wanatafiti!

Mambo yanakwenda hivi. Mkunga anagonga kidirisha. Nabonyeza kompyuta, inachagua yenyewe bila kuuliza mtu, kama kurusha sarafu. Navuta dawa kwenye bomba, nalizungushia plasta ya kahawia bomba zima. Maana haiosini ni nyeupe kama maji, na drotaverini ina unjano. Bila plasta mtu angeijua kwa jicho. Halafu namkabidhi. Mkunga hajui kabeba nini. Mama hajui. Hata Daktari mwenye utafiti wake hajui!

Anayejua ni mimi. Mimi peke yangu, jengo zima. Nimecheka peke yangu mpaka friji ikanitazama.

Jumatano, 5 Machi

Masharti. Sikuyasikiliza vizuri juzi kwa furaha, leo Daktari kayarudia. Ni mama mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Nisile na wakunga. Nisikae nao. Nisizoeane na mtu yeyote wa wodi mpaka utafiti uishe. Nikauliza, hata salamu? Akasema salamu ruhusa, ila fupi. Kwamba mtu anayejua hata akinyamaza, uso unasema. "Na wewe nyusi zako zinaongea kuliko mdomo."

Nikamwuliza, sasa kwa nini mmenichagua mimi? Eti kwa sababu nimejifundisha kompyuta mwenyewe kwa simu, ni mwepesi wa kazi, na hapa hospitali sina mazoea na mtu. Sina mazoea na mtu! Kalisema kama sifa.

Sharti la mwisho: ndugu yangu yeyote akija kujifungua hapa, nimwambie mapema, kiti changu atakikalia yeye.

Nikasema sawa, Daktari. Rahisi.

Jumamosi, 8 Machi

Wananiita Bwana Dirisha. Aliyeanza ni yule mkunga mrefu, anayeinama mpaka kiunoni ndipo aone meza yangu. Leo kaniuliza kama nina mwili kweli au nilizaliwa mikono tu. Nilikuwa na jibu! Nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri. Nikasema, "Habari za kazi." Nikafunga.

Nilisikia anamwambia mwenzake, kijana wa watu ana maringo kweli.

Chakula cha mchana nimekula nimetazamana na friji. Nimeipa cheo, ni Mkuu wa Kitengo. Inanguruma, inanyamaza, inanguruma. Ina maoni mengi.

Alhamisi, 13 Machi

Jamani! Ukuta unaongea!

Nyuma ya friji ukuta ni mwembamba, nadhani ni mbao iliyopigwa rangi. Na ng'ambo yake ndiyo chumba cha kujifungulia! Leo nimetoa sindano ya njano, nimemimina chai, sijafika nusu kikombe — ngaa! Mtoto! Nilisimama nikapiga makofi. Peke yangu, lakini nilipiga.

Baadaye nikatoa nyeupe. Chai ikaisha. Ikaisha ya pili. Kimya. Nimefunga kazi nimeondoka, bado kimya.

Sisemi kitu. Naangalia tu.

Jumanne, 18 Machi

Njano! Ni njano, hakuna ubishi. Wiki nzima nimetega sikio. Ikitoka njano, chai haipoi. Ikitoka nyeupe, nasubiri kama mtu aliyeahidiwa kupigiwa simu. Na zile karatasi za ndani ya maboksi zinasema nyeupe inakausha mdomo na kuupeleka moyo mbio. Njano nayo inaleta kizunguzungu na joto, sawa, lakini nani asiyevumilia kizunguzungu kidogo mtoto akitoka haraka?

Sikuweza kukaa nayo. Daktari alipopita kukagua friji nikasema, "Daktari, nadhani kuna moja inayo—"

Akaziba masikio! Mtu mzima, kwa viganja viwili! "Usiniambie! Ukiniambia umeuua utafiti!" Alipohakikisha nimefunga mdomo akashusha mikono. Akanieleza kwa upole kidogo kwamba mtu akiangalia vichache, macho huanza kumchagulia. Anakumbuka zile zilizompendeza, zingine zinapita. Ndiyo maana wanahitaji kina mama wengi, na ndiyo maana hata yeye hataki kujua.

Nilitaka kumwambia sijatumia macho, nimetumia masikio.

Zamani nyumbani chakula kilikuwa kinapoa kwa maneno yangu. Dada alinibandika jina Kasuku. Sasa nina neno moja tu la maana maishani mwangu na hakuna wa kumwambia.

Ijumaa, 21 Machi

Nimetoka kwa dada. Nimerudi kwa miguu, njia nzima sikuona kitu.

Mama alipotutoka, dada ndiye aliyenibeba. Ndiye aliyenifundisha kusoma kwa vibandiko vya makopo. Tumbo lake sasa liko juu, anatembea kashika kiuno, na bado kaniwekea kiti karibu na dirisha kama nipendavyo. Shemeji alikuwa uani anatengeneza friji ya mtu. Ndiyo kazi yake. Nikamwambia na mimi ninayo moja, bosi wangu. Akacheka.

Halafu dada akasema, kama mtu anayesema kesho anafua: "Nimekubali kuingia kwenye ule utafiti wa sindano, hapo kwenu."

Nikaweka kikombe chini.

Mtoto wake wa kwanza alimchukua siku nzima na usiku wake, na siku nyingine juu yake. Nilikuwepo, nilikaa nje kwenye ngazi. Alipotoka sauti ilikuwa imekwisha. Kwa mwezi mzima aliongea kama upepo wa chini ya mlango. Alisema sitarudia. Miaka imepita, karudia. Anaogopa, ila hasemi. Anasema tu, "Safari hii nataka kitu cha kunisaidia. Wamenieleza vizuri, zote mbili ni dawa." Akanigeukia. "Kasuku, si uko hukohuko? Hebu niambie. Ipi nzuri?"

"Sijui, dada."

"Hujui au hutaki kusema?"

"Sijui."

Akanitazama. Mimi nikatazama dirisha. Shemeji akapiga nyundo yake huko nje, ko, ko, ko.

"Siku hizi umekuwa na baridi," akasema. "Ulipopewa ufunguo ukafunga na mdomo?"

Kwa utani. Lakini hakucheka, na mimi sikucheka, na chai nikaiacha.

Jumatatu, 24 Machi

Sijamwambia Daktari kwamba ni dada yangu.

Nitamwambia kesho.

Jumatano, 26 Machi

Sijamwambia. Jina lake la ukoo ni la shemeji, hakuna atakayejua.

Kwani nikikaa mimi kuna ubaya gani? Kompyuta ikisema njano, navuta njano, haki bin haki. Ikisema nyeupe... Plasta ni ileile. Bomba ni lilelile. Nani atajua?

Nimeiandika. Basi, nimeiandika.

Jana Mkunga Mrefu kapitisha mkono na kipande cha keki. Mwenzao alikuwa anatimiza mwaka kazini. "Chukua, Bwana Dirisha, haina sumu." Sheria inasema nisile nao. Haijasema nisile vyao. Nikachukua. Akasubiri kidogo, kama mtu anayetaka maneno mawili tu. Nikasema asante. Akasubiri tena. Nikafunga. Keki niliila nimesimama, nimeegemea mlango. Ilikuwa tamu mno, nikakasirika.

Ijumaa, 28 Machi

Mimi ni mpumbavu. Mpumbavu mwenye ufunguo.

Leo bomba la sinki limevuja, maji yakaingia chini ya friji. Nikamwita mama msafishaji. Mimi namsukuma Mkuu wa Kitengo, yeye anakausha. Ng'ambo ya ukuta mtoto akaanza, ngaa, ngaa. Nikatabasamu, nikasema, karibu duniani.

Akaniuliza namkaribisha nani.

Nikamwambia huyo, kazaliwa sasa hivi, si unamsikia?

Akacheka mpaka akakalia ndoo. "Kazaliwa! Huyo ana siku mbili! Hapo nyuma ni chumba cha mizani, mwanangu. Wanaletwa kupimwa uzito na kuchanjwa. Wakilazwa kwenye chuma cha baridi unadhani wataimba?"

Nikamwuliza, na chumba cha kujifungulia?

"Mwisho wa korido kule, upande wa pili kabisa. Kule hata ukipiga ngoma hapa husikii."

Chumba cha mizani.

Wiki zote hizi! Nimekaa hapa na kikombe changu kama hakimu, kumbe nasikiliza watoto wanaopimwa uzito! Asubuhi wanapimwa wengi, jioni wachache. Njano yangu, nyeupe yangu, yote ilikuwa ratiba ya mizani! Na ile chai isiyopoa. Mungu wangu, nilimkatiza Daktari kazini kwa ajili ya hilo.

Mama msafishaji kaondoka bado anacheka. Nimekaa. Friji ikanguruma. Nikaiambia nyamaza.

Kwa hiyo sijui. Ninajua kila bomba lina nini, na kuhusu lililo bora sijui zaidi ya mtu yeyote. Nilimwambia dada "sijui" nikadhani namdanganya, kumbe nilikuwa nasema kweli.

Jumapili, 30 Machi

Ajabu. Akili imeelewa, moyo haujaelewa. Akili inasema hujui kitu. Moyo bado unasema njano. Nimejaribu kuubembeleza kwa hesabu, haukubali.

Simu ya dada imelia mara mbili, sikupokea. Naogopa sauti yangu.

Jumatano, 2 Aprili

Naandikia magotini, kwenye benchi la korido. Baadaye sijui kama nitayasoma haya.

Asubuhi shemeji kapiga, tumefika, uchungu ulianza alfajiri. Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu anayepokea taarifa za hali ya hewa. Nikaingia kwenye kabati langu, nikafunga. Nikanawa mikono. Nikanawa tena.

Kidirisha kikagongwa. Mkunga Mrefu, kainama. "Fanya upesi, Bwana Dirisha. Huyu mama mlango umeanza kufunguka halafu ukagoma, na wa kwanza alimtesa sana." Halafu akasema, kwa kupitisha tu wakati: "Na anachekesha, hata kwenye maumivu. Anasema ana mdogo wake anafanya kazi humu, eti anaitwa Kasuku, anaongea kuliko redio. Unamjua?"

Nikasema, "Simjui."

Nilisema hivyo. Dada yangu yuko korido hiyohiyo, nami nikasema simjui, na mikono yangu iko juu ya meza, mkunga anaiona.

Nikabonyeza kompyuta.

Nyeupe.

Nilifungua friji. Nilijua ninachotakiwa kuchukua. Na niliangalia mkono wangu — kama unavyoangalia mkono wa mtu mwingine — ukapita nyeupe, ukachukua kichupa cha njano. Haukusita! Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya watoto wa mizani! Mtu anayejua kabisa kwamba hajui, na mkono umekwenda wenyewe.

Na nilitaka. Nisijifiche humu, humu hakuna mtu. Nilitaka sana. Nilijiona tena kwenye ngazi zile, nikaisikia sauti yake ya upepo.

Mkunga akagonga. "Vipi huko?"

Nikarudisha kichupa. Nikapiga simu kwa Daktari. Nikasema njoo sasa hivi, aliyeko ndani ni dada yangu.

Alikuja anakimbia, kiatu kimoja hakijafungwa. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Umejua tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Kwa nini hukusema?"

Nikasema nilitaka iwe mikono yangu. Akaitazama hiyo mikono.

"Kompyuta umeshaibonyeza?"

"Nimeshabonyeza."

"Umeona?"

"Nimeona."

Akakaa kwenye kiti changu, akavaa glovu. Alisema mama hawezi kusubiri sisi tumalize kugombana, na humo ndani hamna sumu, zote ni dawa. Akasoma kioo cha kompyuta. Akavuta ileile nyeupe, akaizungushia plasta vibaya, nilitaka kumsaidia, akanisogeza kwa kiwiko. "Sasa na mimi najua moja," akasema, kama mtu aliyemwagiwa kitu nguoni. Halafu: "Na wewe umeshaiona, siwezi kukutoa macho. Utakaa nayo. Si kwake, si kwa mumewe, si kwa mkunga. Nipe ufunguo."

Nikampa.

Kwa hiyo nimetoka. Mkunga Mrefu alikuwa anarudi kutoka kuchoma sindano, tukakutana uso kwa uso kwenye korido. Kasimama. "Kumbe una miguu!" Nikataka kucheka. Nilikuwa karibu. Shemeji akaita kutoka kwenye benchi, "Kasuku! Njoo ukae huku!"

Mkunga akaniangalia. Kicheko kikamtoka usoni taratibu.

"Si ulisema humjui?"

Nikapita pembeni yake, nikaenda kwenye benchi.

Sasa nimekaa na shemeji. Kaninunulia chai, kikombe cha karatasi. Ni chai ya kwanza kunywa na mtu tangu mwezi uliopita uanze. Bega lake limegusana na langu. Ananiuliza, wamempa ipi? Nasema sijui. Ananiuliza, ile ya haraka? Nasema hakuna anayejua ipi ya haraka. Hiyo ni kweli, na nimeisema kwa nguvu mno, kaniangalia. Anapasua kikombe chake vipande vidogovidogo anavipanga kwenye goti.

Kumbe hapa ndipo panaposikika. Si vilio. Hatua za viatu. Chuma kikiwekwa kwenye chuma. Mtu anasema pumua, pumua, vizuri. Dada anavuta hewa kama anayebeba jiwe. Halafu kimya, na kimya ndicho kibaya.

Mkunga katoka. Anaomba maji ya kunywa. Dada mdomo umemkauka, ulimi unagandana. Shemeji karuka. "Mbona maji mara ya tatu hii? Ndiyo kawaida?" Mkunga kasema uchungu unakausha watu, ni kawaida. Akanitupia jicho la haraka, kaliondoa upesi zaidi. Nikainamia viatu vyangu.

Mimi ninajua nyeupe hukausha mdomo. Yawezekana ni uchungu, yawezekana ni kiu ya kawaida tu. Lakini ninajua, na shemeji anahema hapa kando yangu kwa hofu, na neno moja tu lingemtuliza. Moja! Kasuku mimi!

Shemeji kapeleka kikombe mlangoni. Karudi nacho.

Dada kakataa. Anasema aletewe na mdogo wake. Mkunga kasema aingie mmoja, na mama kachagua.

Nikiingia atanitazama. Ndiye aliyenifundisha maneno, hata nisiposema anayasikia. Ataniuliza tena, na ataniuliza kwa sauti ile, kama bado anayo. Shemeji ananisukuma: weka hilo daftari, bwana, nenda, maji yanamwagika.

Nimemwomba mkunga barakoa. Kaniuliza, unaumwa? Nikatikisa kichwa. Kanipa, kanifunga mwenyewe kwa nyuma.

Inafunika mdomo wote. Nyusi zimebaki nje.